Pumzi ya mvuvi na pumzi ya mtungi: jibu kwa mwalimu wa Nachingwea

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Nachingwea, nina umri wa miaka 36. Likizo ya Desemba tunakwenda Mikindani, nyumbani kwa mume wangu, naye amenishawishi tujaribu kuzamia kwa mtungi wa hewa, kwa kuwa amesikia kwamba hata mtu asiyewahi kuzamia huchukuliwa. Yeye ni mtoto wa mvuvi na amezoea kuzama kwa pumzi yake tangu utotoni. Mimi sijui kuogelea, na nilipokuwa mdogo niliugua pumu. Tuna mtoto wa miaka 9 ambaye naye anataka kwenda. Tumepanga kuzamia asubuhi, kisha mchana huohuo tuanze safari ya kurudi kwa kupitia Tandahimba na Newala ili tumsalimie shangazi. Je, nikubali? Mume wangu anasema yeye hahitaji mafunzo na kwamba atanisimamia.

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na sentensi iliyonirudisha nyuma si ile ya pumu wala ile ya kutojua kuogelea, bali ni hiyo ya mwisho, kwamba mumeo hahitaji mafunzo. Katika kazi yangu ya kuwashusha watu majini kwenye ghuba za Mikindani na Mtwara nimeona mara nyingi kwamba mtu asiyejua chochote husikiliza anachoambiwa na kukifuata, ilhali mtoto wa mvuvi hushuka na ujuzi wake wa miaka mingi, na sehemu kubwa ya ujuzi huo, ambao ni wa kweli na wa kuheshimiwa, hugeuka kuwa hatari mara tu anapofungiwa mtungi mgongoni. Nayasema haya nikiwa mimi mwenyewe mtoto wa mvuvi wa Msangamkuu. Kwa hiyo niruhusu nianze na yeye, kisha nitakuja kwako.

Huku kwetu mzamiaji husifiwa kwa urefu wa pumzi. Mtoto anayekua ufukweni hufundishwa, hata pasipo mtu kumfundisha, kwamba akizama azuie pumzi, na kwamba anayeitoa kabla ya kurudi juu hana kifua. Mwenye mtungi hufuata kanuni iliyo kinyume kabisa cha hiyo: anapumua wakati wote, kwa utulivu na bila kukatiza, na hazuii pumzi kamwe, iwe anashuka, amesimama mahali pamoja, au, zaidi ya yote, anapanda. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii popote duniani inapofanyika, na anayeivunja anaweza kufa katika kina ambacho mtoto wa Mikindani hukichezea kila siku.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, nikueleze sababu yake kwa mfano unaoweza kuwafanyia hata wanafunzi wako. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, iliyo tupu, uifunge vizuri hapo juu kisha mzamiaji ashuke nayo. Kadiri anavyoshuka chupa hiyo inabonyea, na ikifika mita 10 hewa iliyomo itakuwa imebanwa hadi nusu ya nafasi yake, kwa sababu hapo mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Akirudi nayo juu itavimba tena na kuwa kama ilivyokuwa, wala haitapasuka, kwa kuwa hewa iliyomo ni ileile iliyoingia ikiwa juu. Hivyo ndivyo yalivyo mapafu ya mumeo anapozama kwa pumzi yake. Sasa chukua chupa ya pili, ishushwe ikiwa wazi, ijazwe hewa ya mtungi kule chini kwenye mita 10, ifungwe hukohuko, kisha iachiwe ipande. Hewa iliyojaa chupa moja kule chini inahitaji chupa mbili inapofika juu, na kwa kuwa haina pa kutokea, itaivimbisha chupa kwa nguvu zake zote. Hayo ndiyo mapafu ya mtu aliyevuta pumzi kwenye mtungi kisha akaizuia wakati wa kupanda.

Wala usidhani kwamba hatari hii ni ya vilindi tu. Kutoka mita 10 hadi juu hewa huongezeka maradufu, lakini kutoka mita 30 hadi mita 20 huongezeka kwa theluthi moja tu, na maana yake ni kwamba mabadiliko makali zaidi hutokea karibu na uso wa maji, palepale ambapo mgeni hujiona amekwisha kuokoka. Mapafu yaliyojaa pomoni yanaweza kujeruhiwa hata kwa kupanda mita moja na nusu tu huku pumzi imezuiwa. Hewa ikipenya kwenye tishu na kuingia kwenye mishipa ya damu, povu lake linaweza kufika kwenye ubongo katika muda mfupi sana.

Mimi mwenyewe niliponea chupuchupu siku yangu ya kwanza. Nilikuwa kijana, najua kuzama kuliko wenzangu wote wa mtaani, na niliposhuka na mtungi nilikuwa navuta pumzi moja kubwa, naibana, naangalia samaki, kisha navuta nyingine, nikidhani kwamba ninabana matumizi ya hewa. Maji yakaniingia kidogo kwenye miwani, nami nikafanya ambalo ningelifanya siku zote, yaani nikapiga miguu nitoke juu upesi na kifua kikiwa kimejaa. Mkufunzi wangu alinikamata pezi la mguuni, akanivuta chini, akanibonyeza tumboni mpaka nikatoa hewa. Nilikasirika mno, maana niliona kama ananizuia nisijiokoe. Aliponieleza tulipofika ufukweni nilikaa mchangani muda mrefu nisiseme neno.

Kwa hiyo mweleze mumeo, kwa heshima, kwamba atahitaji mafunzo sawa na wewe, na kwamba hawezi kukusimamia. Anayezamia kwa mara ya kwanza hamsimamii mwingine anayezamia kwa mara ya kwanza, hata kama ni mkewe. Kila mmoja wenu awe mikononi mwa mkufunzi. Ajizoeze pia kupanda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika moja, mwendo ambao mvuvi huuona ni wa kobe, na karibu na juu asimame kwenye mita 5 kwa dakika 3 hivi iwapo mkufunzi ataelekeza hivyo. Tena ajue kwamba majini kidole gumba kilichoinuliwa hakina maana ya «safi kabisa», bali maana yake ni «tupande juu». Aliye salama huunganisha ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada ziwe duara. Nimewahi kumpandisha mgeni mara tatu kwa sababu alikuwa na furaha nyingi.

Jambo la pili linawahusu nyote wawili, nalo ni masikio. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna nafasi yenye hewa, iliyounganishwa na koo kwa mrija mwembamba, na mtu anaposhuka hewa hiyo hubanwa na ngoma ikavutwa ndani, hata maumivu yakaanza kabla ya mita 2. Dawa yake ni kuziba pua kwa vidole na kusukuma hewa taratibu kuelekea puani, au kumeza mate, mpaka usikie masikio yanazibuka. Fanya hivyo mapema na mara kwa mara, kila unaposhuka nusu mita au mita moja, wala usingoje mpaka yaume. Yakikataa kuzibuka, panda kidogo, jaribu tena, na yakikataa kabisa safari imekwisha kwa siku hiyo, wala si aibu. Wavuvi wetu wengi wa zamani walishuka na maumivu hayo wakiamini kwamba ni kawaida, na wapo wazee niwafahamuo ambao leo ukiwasalimu inabidi upaze sauti. Mwenye mafua asishuke hata kidogo, wala asijidanganye kwa kunywa dawa ya kufungua pua asubuhi, kwa sababu nguvu ya dawa inaweza kuisha akiwa chini, na hewa iliyoingia ikakosa njia ya kutokea wakati wa kupanda.

Sasa nije kwenye pumu yako. Hapa sitakupa ndiyo wala hapana, kwa kuwa anayestahili kuitoa ni daktari, lakini nitakueleza anachokitafuta ili ukaseme naye vizuri. Katika pumu njia za hewa zinaweza kujibana na kuiziba hewa katika sehemu ya pafu. Nchi kavu jambo hilo hukufanya uhangaike kwa kukosa pumzi. Chini ya maji, hewa iliyozibiwa katika pembe moja ya pafu haitatoka unapopanda, hata kama wewe unapumua kwa utii wote, na hapo tunarudi kwenye ile chupa ya pili. Hewa ya mtungi ni kavu, na kazi ya kuogelea huongeza upumuaji. Mambo yote mawili yanaweza kuuamsha ugonjwa uliolala. Kuna watu waliougua pumu utotoni, wakapona, wakapimwa nguvu za mapafu na kuruhusiwa, na wapo waliozuiwa. Kabla ya likizo nenda hospitali ukaombe kipimo hicho, iwe ni Ndanda iliyo jirani nanyi au Ligula mtakapofika Mtwara, na umweleze daktari waziwazi kwamba unakusudia kuzamia kwa mtungi, maana kibali cha kufanya kazi za kawaida hakitoshi.

Siku ya kuzamia utapewa fomu ya maswali ya afya: pumu, moyo, shinikizo la damu, kifafa, kisukari, upasuaji wa karibuni, magonjwa ya masikio, dawa unazotumia, na ujauzito. Usiandike «hapana» ili usikose zamu. Mjamzito hashuki kabisa, hata kama mimba ni changa na anajisikia mwenye nguvu.

Kuhusu kuogelea, ukweli ni kwamba sehemu nyingi humpokea mgeni wa siku moja pasipo kumpima, na kipimo cha kuogelea huanza kudaiwa kwa yule anayesoma kozi kamili, ambaye hutakiwa kuogelea mita 200 bila kupumzika na kuelea kwa dakika 10. Mimi, hata hivyo, simshushi mtu asiyeweza kuelea. Si kwamba kuzamia kunahitaji mikono ya muogeleaji, kwani jaketi la kuelea likijazwa hewa litakubeba juu hata usingizini. Nakataa kwa sababu asiyezoea maji usoni hushtuka, na mshtuko ndio unaomfanya mtu avute pumzi, aizuie na kukimbilia juu. Kwa kuwa mtakuwa Mikindani kwa likizo, tumia siku mbili tatu za mwanzo katika maji ya kiunoni, mahali pasipo na mawimbi, ukilala chali huku mumeo amekushika mgongo. Hilo analiweza vizuri na hapo ujuzi wake utakufaa. Kisha vaa miwani, weka bomba la kupumulia mdomoni, lala kifudifudi na upumue kwa mdomo mpaka uone kwamba si jambo la ajabu. Ukiweza kukaa hivyo dakika 10 bila kutamani kusimama, umekwisha kufanya nusu ya kazi.

Mkufunzi mwema naye hataanzia kilindini. Atakuanzishia penye maji ya kusimama, akufundishe kutoa maji kwenye miwani kwa kupuliza pua, kuirudisha mdomoni regyuleta (kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi) iliyochomoka, na kuzibua masikio. Ndipo mtasogea. Kiwango cha juu kabisa kwa mtu anayeonjeshwa kwa siku moja ni mita 12, lakini hicho ni kikomo, hakuna anayekudai ukifikie. Mimi wageni wangu huwaishia kwenye mita 5 au 6, na sababu yangu si woga tu. Rangi nyekundu humezwa na maji kwanza, hivyo kanga nyekundu ikishushwa mita 10 huonekana ya kahawia iliyofifia, ilhali kwenye mita 5 samaki wangali na rangi zao. Tena hewa hudumu zaidi. Mtungi wa kawaida wa lita 12 ukijazwa kwa mgandamizo wa bari 200 una hewa ya lita 2,400, na tukiacha bari 50 za akiba zinabaki lita 1,800. Mgeni mwenye wasiwasi anayetumia lita 30 kwa dakika akiwa juu, atatumia 48 kwenye mita 6 na 66 kwenye mita 12, yaani atapata dakika 37 kule na 27 tu huku. Fanya hesabu hiyo ubaoni uone. Na iitwe hewa, si oksijeni, ingawa mtaani kila mtungi huitwa wa oksijeni: ni hewa hiihii tunayoivuta, yenye oksijeni asilimia 21, iliyochujwa na kushindiliwa.

Vifaa sitavieleza kimoja kimoja, maana utavishika kwa mikono yako na kuelezwa. Nikudokeze tu kwamba utakaposikia unafungwa mkanda wa risasi usitishike. Ni vipande vya madini ya risasi vya kukusaidia kuzama, kwa sababu suti ya kuzamia inaelea. Wanawake wengi huniuliza kuhusu stara, na jibu ni jepesi: suti hiyo hufunika kuanzia shingoni hadi vifundoni, ipo kofia ya kitambaa hichohicho, na ukipenda unaweza kuvaa nguo nyingine ya kuogelea juu yake, mradi isipepee wala kuficha mkanda. Sharti moja haliepukiki: ukingo wa miwani ugandame kwenye ngozi tupu. Kitambaa kikipita chini yake, maji yataingia, na mumeo akiwa na masharubu mazito yatamtesa vilevile.

Mahali na wakati vina uzito kuliko watu wanavyofikiri. Mkondo mkuu wa bahari utokao mashariki hupiga pwani ya Afrika karibu kabisa na huku kwetu, kisha hugawanyika, tawi moja likaenda kaskazini na jingine kuelekea Msumbiji. Hivyo miamba ya nje, hasa ile ya Ghuba ya Mnazi kule Msimbati na Ruvula, ina maji maangavu na kuta zinazoporomoka hadi kilindini, na ina mikondo isiyomfaa mgeni. Sehemu hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na aingiaye hulipa kiingilio. Nendeni mkaione, lakini msiianzie. Kwa siku ya kwanza natafuta maji yaliyokingwa ndani ya ghuba.

Siku nazo zichagueni kwa mwezi. Bamvua (kujaa na kupwa kukubwa) ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu huvuta maji kwa nguvu katika milango ya ghuba na kuyachafua, kwa hiyo ngojeni maji mafu (kujaa na kupwa kudogo), ambayo kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu huangukia karibu na tarehe 8 au 9 na tena 22 au 23, mkashuke saa ile maji yamejaa na kutulia kabla hayajaanza kutoka. Hapa mumeo atakuwa mwalimu wako, na mimi sitamwongezea neno. Desemba ina mapungufu yake, kwa kuwa mvua za kusini huwa zimeanza na zikikolea mito humwaga tope baharini; Oktoba na Novemba, kusi likiwa limekwisha na kaskazi halijashika, ni bora zaidi. Kama likizo yenu ni Desemba tu, njooni katika wiki zake za mwanzo. Maji yatakuwa na joto la nyuzi 28 hivi.

Utakachokiona kinategemea mwamba wenyewe. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe yakapauka na kufa katika sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, na juu ya hilo mikoa yetu ya Lindi na Mtwara iliumizwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Mwamba uliopigwa baruti huutambua kwa macho yako hata ukiwa mgeni: ni uwanja wa vipande kama kokoto, kimya, na samaki wachache wanaopita bila kusimama. Mwamba ulio hai una pono wanaoguguna mawe ukiwasikia kabisa, changu, chewa pangoni, pweza aliyejibadilisha rangi, na ukibahatika kasa. Usiguse chochote na usisimame juu ya matumbawe. Wamo samaki wenye miiba ya sumu wanaofanana na jiwe. Papa usiwawazie. Na mumeo akikuahidi kumwona silikanti, yule samaki wa kale ambaye tangu 2003 amekuwa akinaswa katika maji ya Tanzania, yakiwemo ya Songo Mnara kule Kilwa, basi anakutania, kwa sababu huyo huishi chini zaidi ya mita 100.

Baruti yenyewe imepungua sana tangu serikali ilipoivalia njuga miaka ya 2016 na kuendelea, lakini mkufunzi hana budi kujua hali ya eneo lake. Sauti husafiri majini kwa kasi inayozidi mara nne ile ya hewani, na kwa sababu hiyo sikio haliwezi kutambua imetoka upande gani. Mlipuko wa karibu unaweza kumjeruhi mzamiaji vibaya asijue hata umetokea wapi. Mkufunzi akiusikia, hata wa mbali, huwapandisha watu wote, kwa mwendo uleule wa polepole.

Kabla ya kulipa, muulize mkufunzi maswali yafuatayo, tena bila haya: kama ana cheti cha kufundisha kinachotambulika na ambacho hakijapitwa na wakati, kama chomboni kuna mtungi wa oksijeni halisi ya huduma ya kwanza, redio au simu inayoshika mtandao, chumba cha mgandamizo cha kutibia wazamiaji kilicho karibu kiko wapi na mgonjwa hufikishwaje, na yeye peke yake atashuka na wageni wangapi. Kwa watu kama ninyi napendelea wawili kwa mkufunzi mmoja, na wakizidi wanne ondokeni. Niliwahi kufika mahali, sitapataja, nikakuta mkufunzi mmoja ana wageni sita na geji moja ya kupimia hewa ya mtungi haisogei mshale. Niliambiwa kwamba mtungi umejaa, kwani ulijazwa jana. Nilirudi zangu, na mtu akikuambia maneno ya namna hiyo nawe rudi zako, hata kama umeshalipa.

Limebaki suala la shangazi. Hewa unayoivuta chini ya mgandamizo huingiza naitrojeni nyingi kuliko kawaida katika damu na misuli, nayo huhitaji saa kadhaa kutoka taratibu kwa njia ya pumzi. Ukipanda mahali pa juu kabla haijatoka, inaweza kufanya povu mwilini kama soda iliyofunguliwa kwa pupa, na hapo huja maumivu ya viungo, ganzi, hata kupooza. Kila mtu husikia habari hii kuhusu ndege: baada ya kuzamia mara moja kwa kina kidogo husubiriwa saa 12 kwa uchache, baada ya kuzamia mara kadhaa saa 18, nami huwaambia wageni wote saa 24 ili pasiwe na mjadala. Wanachokisahau watu wa huku ni kwamba uwanda wa Makonde nao ni mlima. Tahadhari za ndege huanza kuhesabiwa kwenye kimo cha mita 600 hivi, na barabara ya Tandahimba na Newala inawapandisha kutoka usawa wa bahari hadi kwenye ukingo wa uwanda huo katika mchana mmoja. Kuzamia kwa mita 6 kwa nusu saa hakuachi naitrojeni nyingi, lakini sioni sababu ya kupima bahati kwa ajili ya usiku mmoja. Laleni Mikindani, mkaondoke kesho yake mchana.

Jioni hiyo mumeo asirudi majini kutafuta pweza kwa pumzi yake, kwa sababu kuzama na kuibuka upesi baada ya mtungi kunaweza kuchochea povu hilohilo. Apumzike mpaka kesho. Nyote mnywe maji ya kutosha. Uraka, pombe ya mabibo ambayo msimu wake ndio huo, usinywewe usiku wa kuamkia siku ya kuzamia wala mara mnapotoka majini. Na mmoja wenu akipata ganzi, kizunguzungu, maumivu ya kifua au ya viungo ndani ya siku ile au inayofuata, mpelekeni hospitali mara moja, na mmwambie daktari kwamba amezamia kwa mtungi, maana asipoambiwa ataanza kwa kupima malaria.

Mtoto hawezi kushuka baharini kwa mtungi. Umri wa chini ni miaka 10, na hakuna mkufunzi mwenye sifa atakayeulegeza. Mnunulieni miwani inayomkaa sawasawa, aelee juu kwa bomba katika maji ya kiunoni, huku mmoja wenu akiwa karibu naye. Hiyo ina maana kwamba mtashuka kwa zamu, mumeo kwanza au wewe kwanza, na hakuna atakayepata nafasi ya kumsimamia mwenzake.